Maji Ndiyo Kufuli: Kinachoipata Kaboni ya Udongo Uoto wa Ardhi Oevu Unapobadilishwa

Huko Holme Fen, mashariki mwa Uingereza, kuna nguzo ya chuma iliyokitwa ardhini mwaka 1851, wakati ziwa la jirani la Whittlesey Mere lilipokuwa likikaushwa ili kupata mashamba. Kitako chake kilisimamishwa juu ya tabaka gumu lililo chini ya kinamasi, na ncha yake ikaachwa sawasawa na uso wa ardhi. Leo ncha hiyo imesimama takriban mita 4 hewani. Nguzo haikuinuka, ardhi ndiyo iliyoshuka. Sehemu ya udongo uliotoweka ilikamuka maji na kushindiliwa kama godoro lililolaliwa miaka mingi, lakini sehemu nyingine kubwa haimo tena ardhini kwa namna yoyote ile: iligeuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi na kupaa angani, kidogo kidogo, bila moshi wala kelele.

Nguzo hiyo inaonyesha jambo ambalo picha ya setilaiti haiwezi kulionyesha. Mabadiliko ya uoto kwa kawaida huelezwa kwa lugha ya ramani: hekta hizi zilikuwa msitu wa kinamasi na sasa ni shamba, hekta zile zilikuwa mikoko na sasa ni mabwawa ya kufugia kamba. Kwa msitu wa nchi kavu lugha hiyo hutufikisha mbali, maana pale mti unapokatwa, sehemu kubwa ya hasara ya kaboni huonekana kwa macho. Katika ardhi oevu, hasara kubwa iko chini ya miguu, na hutegemea zaidi swali moja ambalo ramani ya uoto hailiulizi: je, maji yamebaki palepale, au yameshuka?

Ili kuelewa kwa nini maji yana uzito huo, inafaa kuanza na namna kaboni inavyoingia udongoni. Mmea huchukua kaboni dioksidi kutoka hewani kwa usanisinuru na kuijengea majani, shina na mizizi. Unapokufa, bakteria na kuvu huuozesha, na kaboni hurudi hewani. Katika ardhi kavu mizunguko hii miwili karibu inalingana, ndiyo maana majani yaliyoanguka chini ya mwembe hayafiki magotini hata baada ya miaka mia moja. Kwenye kinamasi mlingano huo unavunjika, kwa sababu oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko ndani ya hewa. Kiasi kidogo kinachopenya kwenye tope lililoloa hutumiwa na vijidudu katika sentimita chache za juu, na chini ya hapo hakuna kilichobaki.

Vijidudu havifi kwa kukosa oksijeni. Vingine huendelea kuishi kwa kutumia naitreti, madini ya chuma au salfeti badala yake, na vingine huishia kutengeneza gesi ya methani. Lakini njia hizo zote hutoa nishati kidogo, kwa hiyo kazi ya kuozesha hudorora. Kuna pia kikwazo cha pili ambacho mimi hukiona cha kuvutia zaidi. Mimea ya kinamasi ina wingi wa kemikali za jamii ya fenoli, ambazo huzuia vimeng'enya vingine vya kuozesha, yaani protini ambazo vijidudu hutumia kuvunjavunja mabaki, visifanye kazi. Kimeng'enya kinachoweza kuzivunja fenoli hizo kinahitaji oksijeni. Oksijeni ikikosekana, fenoli hulimbikizana, na fenoli zikilimbikizana, hata vimeng'enya visivyohitaji oksijeni hukwama. Watafiti wa Bangor, Wales, walipoueleza utaratibu huu mwaka 2001 waliulinganisha na kitasa cha mlango, na mfano huo unafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye mifereji, kwa sababu kitasa kikifunguliwa kwa muda, kilicholindwa kwa milenia kinaanza kutoka.

Matokeo ya kukwama huko ni peati, udongo unaoundwa karibu wote na mabaki ya mimea ambayo haikumaliza kuoza. Wengine huiita mboji, ila neno hilo kwa mkulima lina maana ya kitu kilichooza vizuri hadi kuwa mbolea, na peati ni kinyume chake. Anayetaka kuijua kwa mikono anaweza kutumia kipimo alichokibuni Lennart von Post wa Sweden mwanzoni mwa karne ya 20: chukua donge la peati mbichi, likamue ndani ya ngumi, kisha tazama kinachopita kati ya vidole. Yakitoka maji safi yasiyo na rangi na kiganjani zikabaki nyuzi za mimea unazoweza kuzitambua, hiyo ni daraja la 1, peati ambayo haijaoza kabisa. Ikiwa donge lote linachuruzika kati ya vidole kama uji mweusi na hakuna kinachobaki kiganjani, hilo ni daraja la 10. Kipimo hiki kinatumika mpaka leo, na kwa mtu anayetembea shambani hueleza historia ya maji ya mahali hapo haraka kuliko mashine nyingi.

Peati hujijenga kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa mwaka, au pungufu. Kwa kuwa kazi hiyo imeendelea kwa maelfu ya miaka, ardhi ya peati, ingawa ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, inakadiriwa kuhifadhi tani bilioni 600 hivi za kaboni, ambazo ni nyingi kuliko zilizomo katika miti yote ya misitu ya dunia. Bonde la kati la Mto Congo, katika nchi zote mbili zenye jina la Kongo, lilidhihirika kwa kiwango chake halisi mwaka 2017 tu, pale ramani ya kwanza ilipoonyesha peati inayoenea juu ya kilomita za mraba zipatazo 145,500, yenye kaboni ya takriban tani bilioni 30. Uchunguzi wa tabaka zake, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kipindi cha kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita ambacho karibu hakikuacha peati: hali ya hewa ilikuwa imekauka, maji yakashuka, na tabaka zilizokuwa zimekwisha kujengwa zikaoza. Hapakuwa na trekta wala mfereji. Kushuka kwa maji peke yake kulitosha.

Si kila ardhi oevu ina peati. Nyanda za mafuriko na mabonde mengi yenye matete yana udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mabaki ya mimea, na humo kaboni hulindwa kwa njia mbili kwa pamoja: ukosefu wa oksijeni kwa upande mmoja, na kushikamana na chembe za mfinyanzi na madini ya chuma kwa upande mwingine. Udongo wa namna hii una kaboni kidogo kwa kila ujazo, na ukikaushwa hasara yake hupungua baada ya miongo kadhaa, wakati udongo wa peati huendelea kupoteza hadi peati iishe au maji yarudishwe. Mikoko nayo ina sifa zake. Mizizi yake hunasa tope linaloletwa na mito na kujaa kwa bahari, na maji ya chumvi yana salfeti inayovinyima vijidudu vya methani nafasi, kwa hiyo huhifadhi kaboni nyingi huku ikitoa methani kidogo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 kutoka mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki vilionyesha wastani wa takriban tani 1,000 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa ndani ya udongo.

Tuje sasa kwenye mfereji. Mtu anapochimba mfereji wa kina cha mita moja pembeni mwa kinamasi cha peati, mambo hayatokei yote kwa pamoja. Kwanza, peati iliyokuwa ikielea kwa sehemu ndani ya maji hupoteza egemeo hilo na kujishindilia kwa uzito wake yenyewe. Huo ndio mshuko wa haraka wa miaka ya mwanzo, na kaboni yake bado imo ardhini. Pili, hewa huingia kwenye tabaka lililokauka, kitasa cha fenoli hufunguka, na uozaji huanza kwa nguvu. Tatu, kama uoto wa asili umefyekwa, jua hupiga udongo moja kwa moja, na kwa kuwa kasi ya uozaji hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi joto 10, peati ya kitropiki huisha upesi kuliko ya nchi za baridi. Mkulima akiweka chokaa kupunguza tindikali na mbolea ya naitrojeni kustawisha mazao, anawalisha pia vijidudu, na sehemu ya naitrojeni hiyo hutoka kama oksidi ya naitrasi, gesi ambayo uzito kwa uzito hupasha dunia joto takriban mara 273 zaidi ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100.

Ukubwa wa hasara hii ni rahisi kuupata kwa hesabu ya haraka ya makadirio. Chukua hekta moja ya peati ambayo mita ya ujazo, ikikaushwa kabisa, ina uzito wa kilo 100, na nusu ya uzito huo ni kaboni. Hizo ni tarakimu za kawaida. Sentimita moja ya peati juu ya hekta hiyo ni mita za ujazo 100, yaani tani 10 za peati kavu, yaani tani 5 za kaboni. Zikiungana na oksijeni, tani hizo 5 huwa zaidi ya tani 18 za kaboni dioksidi. Sentimita moja ni upana wa kidole kidogo, na peati ya kitropiki iliyokaushwa hushuka sentimita kadhaa kwa mwaka. Ni lazima kukumbuka kwamba sehemu ya mshuko huo ni kushindiliwa tu, kwa hiyo haifai kuuzidisha mshuko wote kwa tani 18. Hata hivyo, hata nusu yake ni mzigo mzito.

Hapo ndipo ramani ya uoto inapoanza kudanganya. Shamba la michikichi lililopandwa kwenye peati iliyokaushwa huonekana la kijani kibichi likitazamwa kutoka angani, na katika takwimu fulani linaweza hata kuhesabiwa kama eneo lenye miti. Miongozo ya mwaka 2013 ya IPCC, jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, inakadiria kwamba udongo wa shamba kama hilo hupoteza wastani wa tani 11 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Michikichi kwa kawaida hukatwa na kupandwa upya baada ya takriban miaka 25. Kwa muda huo udongo unakuwa umepoteza tani 275, na kaboni iliyojengeka kwenye miti yenyewe haifikii hata hasara ya miaka 10. Juu kuna ongezeko dogo, chini kuna upungufu mkubwa, na jicho la angani huona la juu tu.

Kosa hili halijafanywa na wakulima wa tropiki peke yao. Katika Flow Country, kaskazini mwa Scotland, nyanda kubwa za peati zilizokuwa wazi zilipandwa misonobari na jamii zake katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa misamaha ya kodi. Ili miti ikue ilibidi kulima matuta na kuchimba mifereji. Ilipokua, nayo ikafyonza maji zaidi. Baadaye kazi iliyolipiwa na umma ikawa kuikata miti hiyo na kuziba mifereji. Kupanda mti ni jambo jema mahali pengi, lakini kwenye peati isiyokuwa na miti kunaweza kuwa ndiyo njia ya kuifungulia kaboni mlango.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Kalimantan ya Kati, Indonesia. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya wakati huo ilianzisha mradi wa kugeuza takriban hekta milioni 1 za kinamasi, sehemu kubwa ikiwa msitu wa peati, kuwa mashamba ya mpunga. Ilichimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita, msitu ukafyekwa, na mpunga ukakataa kustawi kwenye udongo wenye tindikali na usio na rutuba. Kisha ikaja El Niño ya mwaka 1997, hali ya hewa ambayo huko Indonesia huleta ukame, peati iliyokauka ikashika moto, na moto wa peati haufanani na moto wa nyasi: hutambaa chini ya ardhi bila mwali, huibuka mita kadhaa mbele, na mara nyingi huzimwa na msimu wa mvua tu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kwamba moto wa peati na uoto nchini Indonesia mwaka ule ulitoa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni, sawa na asilimia 13 hadi 40 ya kaboni ambayo dunia nzima ilikuwa ikiitoa kwa mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Msitu ulikuwepo kabla ya mradi, na El Niño zilikuwepo pia. Mifereji ndiyo iliyokuwa mipya.

Kwa mikoko, badiliko baya zaidi ni kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, kwa sababu hapo udongo wenyewe hung'olewa na kuanikwa kwenye kingo. Pamoja na kaboni inayopotea, madini ya piraiti yaliyokuwa yametulia ndani ya tope lisilo na hewa hukutana na oksijeni na kutengeneza asidi ya salfuriki. Baada ya miaka michache maji ya bwawa yanaweza kuwa makali kiasi kwamba ufugaji unasimama, na mfugaji huhamia kipande kingine cha mikoko. Mpunga unaolimwa kwenye majaruba ya maji nao ni habari nyingine: kwa kuwa udongo hubaki umeloa sehemu kubwa ya msimu, kaboni ya zamani hulindwa vizuri kuliko kwenye shamba la mahindi lililo mahali palepale, ila majaruba hutoa methani. Na kuna mabadiliko ambayo yanatisha kwenye picha lakini hayana madhara makubwa udongoni. Mafunjo yanayokatwa kwa panga kwa ajili ya mikeka na kuezekea huacha uwazi unaoonekana kutoka mbali, lakini mizizi ikibaki hai na maji yakibaki juu, huota tena ndani ya miezi michache, na ghala la chini halijaguswa.

Hata anayekwenda kuchimba udongo mwenyewe anaweza kupotoka, na mtego huu huwanasa watu makini. Vipimo vingi vya kaboni ya udongo huchukuliwa katika sentimita 30 za juu. Tuseme kulikuwa na peati ya kina cha mita 1, yenye kilo 100 kwa mita ya ujazo na nusu yake kaboni. Katika sentimita 30 za juu kuna tani 150 za kaboni kwa hekta, na katika mita nzima kuna tani 500. Ikaushwe kwa miaka kadhaa, ishuke hadi kina cha nusu mita, tabaka la juu lishindiliwe hadi kilo 200 kwa mita ya ujazo na kaboni yake ishuke hadi asilimia 40. Mpimaji atarudi, atachimba sentimita zake 30, na atapata tani 240. Ataandika kwamba kilimo kimeongeza kaboni kwa tani 90. Lakini sentimita 20 zilizobaki chini, tukizipa kilo 120 kwa mita ya ujazo na nusu kaboni, zina tani 120 tu, na jumla ya ghala ni tani 360. Hekta hiyo imepoteza tani 140 huku jedwali likionyesha faida. Dawa yake ni kupima hadi chini ya peati, au kulinganisha uzito uleule wa madini yasiyooza badala ya kina kilekile, na pia kukita nguzo, kama ile ya Holme, na kurudi kuitazama.

Suala la methani huletwa mara nyingi kama hoja dhidi ya ardhi oevu, na si hoja ya kupuuzwa. Kinamasi chenye afya hutoa methani, na baadhi ya mimea yake, yenye shina zilizo wazi ndani kama mrija, huipitisha gesi hiyo kutoka topeni hadi hewani kabla haijaliwa na bakteria wa tabaka la juu. Kwa miaka 100, methani hupasha joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule. Lakini molekuli yake hudumu angani takriban miaka 12 tu. Kinamasi kinachotoa methani kwa kiwango kilekile karne baada ya karne hufikia mahali ambapo gesi inayoingia angani inalingana na inayovunjika, wakati kaboni dioksidi inayotoka kwenye peati iliyokaushwa hurundikana juu ya ile ya mwaka uliopita. Ndiyo sababu kurudisha maji kwenye peati iliyokaushwa, ingawa kunaweza kuleta ongezeko kubwa la methani miaka ya kwanza, hasa pale nyasi na mazao yanapozama na kuoza ghafla, kwa muda mrefu ni bora kuliko kuacha udongo uendelee kuisha.

Kurudisha maji hakurudishi kaboni iliyokwenda. Kwa mwendo wa milimita 1 kwa mwaka, nguzo ya Holme ingehitaji miaka ipatayo 4,000 ya maji yasiyokatika ili ncha yake ifunikwe tena. Kinachowezekana ndani ya maisha ya mtu ni kusimamisha hasara, na habari njema ni kwamba si lazima shamba zima ligeuzwe kinamasi kwa siku moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya vipimo vya gesi kutoka peati nyingi zinazolimwa na zisizolimwa, ulionyesha kwamba kila sentimita 10 ambazo maji ya ardhini yanapandishwa hupunguza angalau sawa na tani 3 za kaboni dioksidi kwa hekta kwa mwaka, mpaka maji yafike sentimita 30 kutoka juu; zaidi ya hapo methani huanza kuingia katika hesabu. Mkulima mwenye mfereji uliopunguza maji hadi sentimita 90 anaweza kuweka mbao za kuzuia maji, akayapandisha hadi sentimita 50, na akaendelea kulima mazao yenye mizizi mifupi. Picha ya setilaiti ya shamba lake haitabadilika hata kidogo.